Mpishe asiye na nguvu



Leo naanza kwa kuungama mbele yenu, kwa kuwa jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi. Sisi tuliofanya utume kandokando ya Ziwa Victoria tunaijua vizuri foleni ya kivuko. Asubuhi moja, kwenye kivuko kimoja kati ya vingi vya ziwa letu, nilifika nimechelewa. Magari yalikuwa yamepangana kutoka majini mpaka kwenye vibanda vya mama lishe. Nilikuwa nimevaa kola. Mhudumu aliponiona alinipungia mkono: "Padre, pita huku." Sikuuliza kwa nini. Nilipita pembeni, nikayaacha magari yote nyuma, nikaingia kwenye nafasi moja iliyokuwa imebaki.

Nafasi hiyo ilikuwa zamu ya pikapu ndogo iliyobeba sato kwenye maboksi ya barafu. Mwenye mzigo alikuwa mama aliyenizidi umri, na alikuwa pale tangu alfajiri. Hakunitukana. Alisogea dirishani kwangu akanisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre." Nikaitikia, "Milele, amina." Akasema, "Nenda salama, Padre. Ila barafu yangu haijui kusubiri."

Kivuko kikang'oa nanga, yeye akabaki. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye kikao, na kikao chenyewe kilichelewa kuanza kwa saa nzima. Samaki wake walifika sokoni katika hali gani, sijui. Sikuwahi kumwona tena.

Nimelikumbuka tukio hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni daraja. Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Lina urefu wa kilometa 3 hivi, na pale ambapo wasafiri wa Mwanza, Sengerema na Geita walizoea kungoja kivuko, sasa wanavuka kwa dakika chache. Tumshukuru Mungu kwa zawadi hiyo. Lakini daraja limeondoa foleni ya mahali pamoja tu. Foleni ya hospitali ipo, ya benki ipo, na kwenye vilima vyetu vya mawe, ambako mtu analiona ziwa zima kutoka mlangoni kwake, foleni ya maji bado tunaijua.

Sababu ya pili ni swali la kijana mmoja. Alikuwa amekwenda Marekani kumtembelea dada yake anayeishi huko. Aliporudi, alinisubiri nje baada ya Misa. "Shikamoo, Padre." "Marahaba, mwanangu, umerudi salama?" Akanieleza kwamba dada yake alimpeleka kwenye bustani kubwa za burudani za Disney, kule Florida. Ili wasisimame juani, dada alilipia njia ya haraka. Wakawa wanapita pembeni ya uzio, na upande wa pili wa uzio ule familia zimesimama na watoto wao. "Kuna mtoto mmoja, Padre, alinikazia macho muda wote ninapita. Ile bembea hata sikuifurahia. Sasa nakuuliza, kulipa ili kuwapita watu ni dhambi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitalitafakari, na hii ndiyo tafakari yenyewe.

Kwanza tuelewe jambo linavyofanyika, maana sisi tunalo la kwetu linalofanana nalo kabisa. Nani hajaona foleni ya ndoo? Mama anafika bombani saa kumi alfajiri, anaweka ndoo yake nyuma ya ndoo ya jirani, anarudi nyumbani kuwasha moto na kuwaamsha watoto. Ndoo ndiyo inayosimama kwenye foleni kwa niaba yake. Zamu ikikaribia anarudi, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakumpita mtu. Kila ndoo imekaa mahali ilipowekwa.

Mwaka 1999 Disney walianza na utaratibu wa namna hiyo, wakauita FastPass. Ulikuwa bure. Mgeni aliingiza tiketi yake kwenye mashine, mashine ikampa karatasi yenye saa ya kurudi, naye akaenda kula au kupanda bembea nyingine. Karatasi ilikuwa ndoo yake. Ni kweli kwamba asiyechukua karatasi alingoja zaidi, lakini kila aliyeingia getini aliweza kuichukua bila kuulizwa ana kiasi gani mfukoni.

Baadaye mambo yakabadilika kidogo kidogo. Kuanzia 2014 wageni wa Florida waliweza kujiwekea nafasi kwa simu hata kabla ya kutoka nyumbani. Waliolala kwenye hoteli za Disney wenyewe walianza kuchagua siku 60 kabla, wengine siku 30. Hapo tayari aliyelala hotelini alikuwa ametanguliza ndoo yake mwezi mzima. Mwaka 2021 utaratibu wa bure ukaondolewa, ukaletwa wa kulipia, ukianzia dola 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Oktoba 2024 ikaongezwa tiketi ya juu zaidi, Lightning Lane Premier Pass. Katika bustani yao maarufu ya Magic Kingdom bei yake ilitangazwa kuwa kati ya dola 329 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, mbali na kiingilio. Dola 449 ni zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Baba mwenye watoto watatu na mke wake wazidishe mara tano.

Mtu atasema, Padre, hizo ni fedha zao na bembea ni starehe tu, kuna ubaya gani? Nakubali kwamba starehe si uhai. Aliyekosa bembea hajafa, na aliyeingia pale aliujua utaratibu. Kwa hiyo sitamwambia kijana wangu kwamba ametenda dhambi ya mauti. Lakini turudi bombani, ili tuone ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Tuseme bomba linajaza ndoo moja kwa dakika mbili. Akina mama 12 wamepanga ndoo zao. Anafika muuza maji na mkokoteni wenye madumu 10, anamshikisha msimamizi wa bomba shilingi elfu mbili, naye anaruhusiwa kuanza. Madumu 10 ni dakika 20. Kila mmoja wa wale akina mama 12 amepoteza dakika 20, jumla yake saa nne. Elfu mbili imekwenda kwa nani? Kwa msimamizi. Saa nne zimetoka kwa nani? Kwa akina mama. Msimamizi ameuza kitu ambacho si chake, na wenye mali hawakuulizwa. Mmoja alikuwa awahi kumwandaa mtoto kwenda shule. Mwingine alikuwa awahi Mwaloni kununua dagaa kabla bei haijapanda.

Tena kuna jambo lingine. Msimamizi anayepata elfu mbili kila foleni inapokuwa ndefu, je, ataomba foleni iwe fupi? Anayeuza dawa ya foleni hana haraka ya kuimaliza foleni. Ndiyo maana nina mashaka na kila mahali ambapo mtu mmoja anasimamia foleni na papo hapo anauza njia ya kuikwepa.

Sisi watu wa ziwa tulipaswa kulielewa hili kuliko wengine. Tarehe 21 Mei 1996 tuliwapoteza ndugu zetu katika MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 tukawapoteza wengine katika MV Nyerere karibu na Ukara. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kuliko idadi iliyoruhusiwa. Roho zao zipumzike kwa amani. Misiba ile ilitufundisha kwa uchungu kwamba chombo kina kipimo, na kwamba nafasi haizaliwi kwa kumwambia mtu "ingia tu". Foleni nayo ina kipimo chake. Saa haiongezeki kwa sababu mtu mkubwa amefika. Akiingizwa mbele, dakika zake zinakatwa kwa walio nyuma.

Je, basi kila anayepita mbele anakosea? Hapana, na hapa tuwe makini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 63, anaieleza dhambi ya upendeleo. Mfano wake ni wa mwalimu. Ukimpa mtu kiti cha ualimu kwa sababu ana elimu, umetazama sababu inayohusika na kiti hicho, na hiyo ni haki. Ukimpa kwa sababu tu yeye ni fulani, au ni tajiri, au ni ndugu yako, umeiacha sababu ukatazama sura. Hilo ndilo kosa.

Tukipime kivuko kwa mizani hiyo. Gari la wagonjwa likipita mbele, hakuna Mkristo atakayenung'unika. Kinachopita ni haja ya mgonjwa. Mjamzito akipishwa zahanati, au mzee akiwa na dirisha lake hospitalini, tunaona ni haki na ni upendo. Mwili wake hauwezi kungoja kama wangu. Sasa mimi siku ile nilikuwa na sababu gani? Kola. Kikao cha kawaida na kola. Barafu ya mama yule ilikuwa na haja kubwa kuliko mimi. Kwa mizani ya Mtakatifu Tomaso, nafasi ile ilikuwa yake mara mbili: kwa zamu na kwa haja.

Hata njia ya huruma inaweza kugeuzwa biashara. Mei 2013 gazeti moja la New York liliripoti kwamba baadhi ya familia tajiri zilikuwa zinawakodi watu wenye ulemavu waongozane nao kule Disney, ili familia nzima ipite kwenye njia iliyotengwa kwa ajili ya wasioweza kusimama foleni. Mwaka huohuo Disney wakaubadilisha utaratibu ule. Tusiwacheke. Nani kati yetu hajaona mtu akiazima mtoto mchanga wa jirani ili apishwe? Nani hajapiga simu kwa "mtu wetu wa ndani" ili faili lake liwekwe juu? Tofauti yetu na wale ni bei tu.

Sasa tusikilize Injili ya Jumapili ya 22 ya Mwaka C, kutoka Luka sura ya 14. Yesu amealikwa kula kwa mmoja wa wakuu wa Mafarisayo. Anakaa, anatazama. Anawaona wageni wanavyochagua viti vya mbele. Napenda kufikiri kwamba alitazama kwa muda kabla ya kusema, kama mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali anavyotazama mlango wa daktari na kujua nani ameingia kwa zamu na nani ameingia kwa simu. Kisha anawaambia wachague nafasi ya mwisho, na anayestahili kusogezwa mbele atasogezwa na mwenye nyumba.

Wengi tunaishia hapo, tukidhani ni somo la adabu kwenye harusi. Lakini Yesu anaendelea, na safari hii anamgeukia mwenye karamu. Anamwambia asiwaalike matajiri na ndugu, ambao watamwalika naye. Awaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kumlipa. Mnaona alichokifanya? Duniani kukosa cha kulipa ndiko kunakomrudisha mtu nyuma. Kwa Yesu ndiko kunakomfungulia mlango. Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Walisema hivyo kwa kuwa waliijua dunia ilivyo. Injili inatuagiza tumpishe asiye na nguvu.

Mtaniuliza, je, mtu mwenye haja ya kweli na mwenye cheo pia? Marko sura ya 5 inatupa jibu, nalo limetokea ufukweni mwa ziwa. Yesu ameshuka chomboni, umati umemzunguka, naye Yairo, mkuu wa sinagogi, anapiga magoti: binti yake yu mahututi. Hiyo ni haja ya kweli. Yesu anaondoka naye mara moja. Njiani anaguswa na mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyekwisha kuwalipa waganga mali yake yote na asipone. Huyu hana tena cha kununulia nafasi. Amejipenyeza nyuma ya watu, anaona haya hata kusema.

Yesu angeweza kuendelea na safari. Mwanamke ameshapona, Yairo ana haraka. Lakini anasimama. Anamtafuta, anamsikiliza mpaka mwisho, anamwita binti. Yairo, mkuu wa sinagogi, anasimama pale kandoni akingoja. Sijui alikuwa na moyo wa namna gani dakika zile. Mimi ningekuwa nimeshamshika Bwana mkono kumvuta. Tena wakati huohuo habari inamfikia kwamba mtoto amekufa. Hata hivyo Yesu anakwenda nyumbani kwake, anamshika binti mkono, na anainuka. Wote wawili walipata. Haja ya Yairo haikudharauliwa, ila cheo chake hakikumnyima mwanamke maskini dakika zake za kusikilizwa.

Wapendwa, ni rahisi kuwasema Disney na wasimamizi wa mabomba. Tutazame nyumbani kwa Mungu. Ofisini kwangu parokiani, akina mama wanakaa kwenye benchi wakisubiri cheti cha ubatizo cha mtoto. Gari zuri likisimama nje, mlango wangu unafunguka haraka. Nimelifanya hilo, na nimeliona likifanywa. Kwenye ibada za mazishi tunawasogeza wenye vyeo viti vya mbele, na bibi wa marehemu anatafutiwa nafasi karibu na mlango. Halafu sisi mapadri tunapanda mimbarini kuhubiri subira, na tunawahubiria walio nyuma peke yao! Subira huvuta heri, ni kweli. Lakini si haki kumdai maskini subira ili heri imfikie mwingine.

Wakristo wa Korinto walikuwa na tatizo hilihili. Walikusanyika kwa meza ya Bwana, wenye uwezo wakawahi na kula, na waliofika wakiwa wamechoka na kazi wakakuta hakuna kitu. Mmoja ana njaa, mwingine amelewa. Paulo, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 11, anawakaripia kwa ukali, na dawa anayowapa ni fupi kabisa: mnapokusanyika kula, mngojane. Kwa Paulo, asiyemngoja mwenzake ameidharau jumuiya ya Mungu na kumwaibisha asiye na kitu.

Ndiyo maana ile foleni ya Komunyo tutakayoipanga leo ni foleni ya kutazamwa kwa makini. Hapo mkurugenzi anasimama nyuma ya dereva wa bodaboda. Mwalimu nyuma ya mwanafunzi wake. Hakuna tiketi ya dola 449, na anayefika mwisho anapokea Mwili uleule alioupokea wa kwanza. Tukitoka hapo na kwenda kumpita mjane bombani, tumekula nini?

Kwa kijana wangu, jibu langu ni hili. Yale macho ya mtoto yaliyokuharibia bembea yalikuwa neema. Usiyasahau. Ukiwa mahali pa starehe na utaratibu unajulikana kwa wote, dhamiri yako ikuongoze. Lakini panapohusu maji, tiba, haki na karatasi ambazo mtu hawezi kuishi bila hizo, usilipe ili kumpita mwenzako, na usipokee malipo ili umpitishe mtu. Na kabla ya kupita mbele mahali popote jiulize: kinachonipitisha ni haja, au ni mfuko, au ni jina?

Mimi bado navaa kola. Nikiitwa usiku kumpaka mafuta mgonjwa, napita mbele ya magari yote bila haya, kwa kuwa anayepita ni mgonjwa, mimi ni miguu yake tu. Nikienda kwenye kikao, napanga foleni. Si kila mara nimefaulu. Kuna siku mkono umenipungia nami nimeshaanza kukanyaga mafuta kabla ya kukumbuka barafu.

Kanisa linatufundisha kwamba aliyeiba arudishe. Saa niliyoichukua kwa mama yule siwezi kumrudishia yeye. Sijui jina lake, na pengine amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ninachoweza ni kuilipa kwa mwingine. Wiki hii nawaomba kila mmoja atafute foleni moja, ya benki, ya daladala, ya maji au ya zahanati, na amtazame aliye nyuma yake. Akimwona ana mtoto mgongoni, au miguu imevimba, au uso umechoka kuliko wake, ageuke amwambie, "Karibu, pita wewe kwanza." Asitoe sababu. Mimi nitaanzia kwenye benchi la ofisi yangu, kesho asubuhi.

Bwana aliyechagua nafasi ya mwisho kwa ajili yetu atujalie kungojana.